Maumivu ya Sikio kwa Mjamzito: Tiba Salama Kuanzia Tabora Hadi Ujiji

Maambukizi ya sikio yanatibika katika mwezi wowote wa ujauzito. Dawa zinazohitajika ni chache, zimetumika kwa miongo mingi, na ni zile zile zinazotarajiwa kuwepo hata katika zahanati ya kijiji. Hata hivyo wapo wajawazito wanaolala na maumivu siku nyingi kwa kuogopa kwamba kidonge chochote kitamdhuru mtoto aliye tumboni. Wapo pia wanaofanya kinyume chake: wananunua dawa ya kwanza wanayopewa dukani bila kutaja kuwa ni wajawazito. Na wapo wanaotia sikioni kila kinachosemwa kuwa kinatuliza, iwe maji ya kitunguu, mafuta ya nyonyo, asali au maziwa ya mama. Mara nyingi ugonjwa mdogo wa sikio hukua kwa sababu ya mambo haya matatu, wala si kwa sababu ya ukali wa vijidudu vyenyewe.

Ili kuelewa tiba, inafaa kwanza kulijua sikio lilivyo. Sehemu ya nje ni ile inayoonekana, pamoja na mfereji wa kama sentimita 2.5 unaoishia kwenye ngoma ya sikio, utando mwembamba unaotikisika unapopigwa na sauti. Nyuma ya ngoma kuna sehemu ya kati, chumba kidogo chenye hewa na vifupa 3. Chumba hicho kina njia nyingine ambayo wengi hawaijui: mrija mwembamba unaoshuka hadi nyuma ya pua, karibu na koo. Mtu akimeza mate au kupiga miayo, mrija hufunguka na hewa hupita. Mbele zaidi iko sehemu ya ndani, inayobadili mtikisiko kuwa ujumbe kwa ubongo na kuuwezesha mwili kusimama bila kuyumba.

Ujauzito hugusa zaidi ule mrija. Homoni za mimba, hasa estrojeni, huongeza damu na majimaji katika utando wa pua, ndiyo maana wajawazito wengi huziba pua kwa wiki kadhaa bila kuwa na mafua. Utando ukivimba, mdomo wa mrija hubanwa, hewa haipiti vizuri, na majimaji yanaweza kujikusanya nyuma ya ngoma. Mama husikia sikio limejaa, sauti yake mwenyewe inavuma kichwani, na akimeza mate kitu kinalia ndani. Hali hii peke yake, bila maumivu wala homa wala usaha, si maambukizi na haihitaji antibiotiki. Aghalabu huisha yenyewe baada ya kujifungua. Lakini majimaji yaliyokwama ni mahali pazuri pa vijidudu kustawi, na mafua ya kawaida yakiongezeka juu yake, maambukizi hayako mbali.

Mazingira nayo yana mchango wake. Mkoani Tabora, kama kwingi vijijini, chakula hupikwa kwa kuni, mara nyingi katika jiko lenye upenyo mdogo wa kutoa moshi. Katika wilaya za Urambo, Kaliua na Sikonge familia nyingi hulima tumbaku inayokaushwa kwa moto wa kuni kwenye mabani, na wanawake, wajawazito wakiwemo, hushiriki katika kazi hiyo. Kiangazi huleta vumbi. Moshi na vumbi huuchokoza utando wa pua ambao tayari umevimba kwa sababu ya mimba. Mjamzito mwenye matatizo ya masikio ya mara kwa mara anastahili kuondolewa kwenye kazi ya bani hata kama mavuno yanasubiri.

Maambukizi yenyewe ni ya aina kadhaa, na tiba hutegemea aina. Yale ya mfereji wa nje huanza kwa kuwashwa, kisha maumivu yanayozidi ukivuta sikio au ukibonyeza kile kinundu kilicho mbele ya tundu. Mara nyingi chanzo ni maji yaliyobaki ndani baada ya kuoga, au mikwaruzo ya njiti. Nyakati nyingine ni fangasi, ambao huwasha sana na kuacha uchafu mweupe au mweusi. Maambukizi ya sikio la kati huja baada ya mafua: maumivu makali ya ndani, usikivu kupungua, homa. Ngoma ikipasuka kwa shinikizo la usaha, maumivu hupungua ghafla na sikio huanza kutoa majimaji. Mama anaweza kudhani amepona, kumbe ugonjwa umepata mlango. Aina ya tatu ni sikio linalotoa usaha kwa wiki 2 au zaidi, au linalotoa na kukauka na kutoa tena tangu utotoni. Hili haliumi sana, na kwa hiyo hupuuzwa, ingawa ndilo linaloharibu usikivu zaidi.

Mhudumu hutofautisha aina hizi kwa kuchungulia ndani kwa kifaa chenye taa na lenzi. Kifaa hicho si cha gharama kubwa, na kila zahanati inayohudumia wajawazito ingepaswa kuwa nacho, pamoja na mtu anayejua kukitumia. Bila kuiona ngoma, kuandika dawa ya matone ni kubahatisha.

Kuhusu kuchokonoa sikio, njia ya zamani ya misafara kutoka pwani hadi Ujiji imeacha mfano ambao hauhitaji kutiwa chumvi. Novemba 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walifika Kazeh, makazi ya wafanyabiashara Waarabu yaliyokuja kuwa mji wa Tabora, wakitokea pwani. Kutoka hapo walifuata njia ya pembe na watumwa hadi Ujiji. Machi 1858, Speke akiwa katika safari ya kuvuka Ziwa Tanganyika kwa mtumbwi, mbawakawa wadogo weusi walilivamia hema lake usiku baada ya dhoruba, na mmoja akapenya sikioni. Alimimina siagi iliyoyeyushwa, mdudu asitoke. Mwishowe akaingiza ncha ya kisu cha mfukoni. Mdudu alikufa, lakini sikio lilijeruhiwa. Usaha ulijaa, tezi za uso na shingo zikavimba, majipu yakashuka hadi begani, na kwa siku kadhaa hakuweza kutafuna, akawa anakunywa mchuzi tu. Sikio hilo lilikuwa karibu kiziwi kwa miezi mingi. Vipande vya mdudu, mguu au bawa, viliendelea kutoka pamoja na nta miezi 6 au 7 baadaye. Na kila alipopenga kamasi, sikio lilipiga mluzi uliosikika na watu wengine. Maelezo yake ni rahisi: ngoma ilikuwa imetoboka, na hewa iliyosukumwa puani ilipanda kwa ule mrija wa sikio la kati na kutokea nje.

Speke alikuwa mtu mzima mwenye afya ya kutembea mamia ya kilomita. Mjamzito hana sababu ya kujaribu alichojaribu yeye, iwe kwa kisu, pini, njiti ya kiberiti, unyoya wa kuku au zile pamba za vijiti zinazouzwa madukani. Nta ya sikio ni kinga, nayo hutoka yenyewe. Kijiti huisukuma ndani na kukwaruza ngozi, na mkwaruzo ndio mwanzo wa maambukizi ya mfereji wa nje. Mdudu aliye hai akiingia, mtu ambaye sikio lake halijawahi kutoboka wala kutoa usaha anaweza kulaza kichwa upande na kudondoshewa matone machache ya mafuta safi ya kupikia yenye uvuguvugu wa mwili, ili mdudu afe na kuacha kukwaruza. Kisha aende kituoni akatolewe. Dawa ya kupulizia wadudu haiingii sikioni kamwe.

Zaidi ya hapo, hakuna kinachostahili kumiminwa sikioni nyumbani. Asali ya miombo ya Tabora ina sifa njema mezani, na asali iliyosafishwa kwa namna maalumu hutumika hospitalini kwenye baadhi ya vidonda. Asali ya dumu si kitu kimoja na hiyo. Ikipita kwenye ngoma iliyotoboka hufika sikio la kati ikiwa na vumbi na vijidudu vyake. Maziwa ya mama huwa chakula cha vijidudu. Maji ya kitunguu na ya majani huunguza ngozi ya mfereji na kumzuia mhudumu kuona kilichomo.

Kazi moja ya nyumbani inafaa kweli, nayo haihitaji fedha: kulikausha sikio linalotoa usaha. Huchukuliwa kipande cha kitambaa safi cha pamba kinachonyonya maji, hukatwa utepe mwembamba, na kusokotwa kuwa utambi laini. Mgonjwa huvuta sikio nyuma na juu kidogo ili mfereji unyooke, utambi huingizwa taratibu bila kusukumwa hadi mwisho, huachwa unywe usaha kwa muda mfupi, kisha hutolewa na kutupwa. Hurudiwa kwa utambi mpya hadi unaotoka uwe mkavu. Hufanywa mara 3 au zaidi kwa siku, mikono ikiwa imeoshwa kwa sabuni. Pamba haiachwi ndani. Wakati wa kuoga, sikio huzibwa kwa pamba iliyopakwa mafuta mazito ya kujipaka, kisha pamba hiyo hutolewa. Kuogelea mtoni au bwawani kunasubiri. Dawa ya matone inayodondoshwa juu ya usaha mzito haifiki inakotakiwa, na hiyo ni sababu ya kawaida ya watu kusema dawa imeshindwa.

Dawa ya maumivu ya kwanza ni parasetamoli. Mtu mzima humeza vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6 hadi 8, wala asizidishe vidonge 8 katika saa 24. Mwenye mwili mdogo au ugonjwa wa ini hupewa pungufu. Hutumiwa kwa siku chache zinazohitajika tu. Ibuprofeni na diklofenaki ni jambo jingine. Dawa hizi za familia moja huuzwa kila mahali, na diklofenaki mara nyingi ndiyo anayopewa mtu akisema tu kwamba sikio linauma sana. Kuanzia wiki ya 20 ya mimba zinaweza kupunguza utendaji wa figo za mtoto na maji yanayomzunguka. Katika miezi 3 ya mwisho zinaweza kufunga mapema mshipa mmoja ulio karibu na moyo wake, ambao unatakiwa kubaki wazi hadi azaliwe. Aspirini ya kutuliza maumivu nayo huepukwa. Aspirini ya kiwango kidogo ambayo daktari humwandikia mjamzito aliye katika hatari ya kifafa cha mimba ni matibabu tofauti, na haiachwi kwa sababu ya sikio.

Maambukizi ya sikio la kati yakithibitishwa, antibiotiki ya kawaida ni amoksisilini, kwa mtu mzima miligramu 500 mara 3 kwa siku kwa siku 5 hadi 7, kama mhudumu atakavyoandika. Dawa za ukoo wa penisilini zimetumiwa na wajawazito tangu katikati ya karne iliyopita, na uzoefu huo mrefu ndio unaozipa imani ya wauguzi na madaktari. Asiyepata nafuu baada ya siku 2 au 3 hurudi kuangaliwa upya, badala ya kujiongezea dozi. Mwenye mzio wa penisilini, yaani aliyewahi kuvimba uso, kutoka vipele vya ghafla au kushindwa kupumua baada ya kuitumia, lazima aseme kabla ya kupokea dawa. Zipo nyingine zinazomfaa, kama eritromaisini au azithromaisini, ambazo mtaalamu atachagua. Vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki vinavyotolewa kliniki huendelea kama kawaida.

Orodha ya dawa za kuepuka inafaa ijulikane hata na mume na mama mkwe, kwa kuwa mara nyingi ndio wanaotumwa dukani. Doksisaiklini na tetrasaiklini huingia kwenye mifupa na meno ya mtoto yanayoanza kujengeka. Streptomaisini ya sindano imejulikana kwa miaka mingi kuharibu usikivu wa mtoto aliye tumboni, na jentamaisini ya sindano hutolewa hospitalini tu pale faida inapozidi hatari. Vidonge vya siprofloksasini kwa kawaida huwekwa kando wakati wa ujauzito. Septrin, dawa iliyozoeleka katika kabati za nyumbani, huzuia kazi ya asidi ya foliki, jambo linalotia wasiwasi hasa katika miezi 3 ya kwanza uti wa mgongo wa mtoto unapoundwa, na pia karibu na kujifungua. Mama anayeishi na virusi vya UKIMWI ambaye kliniki imempangia Septrin ya kila siku asiikatishe. Huyo hapewi tena SP ya kuzuia malaria, kwa kuwa dawa hizo mbili zina sehemu inayofanana na haziendi pamoja.

Sehemu kubwa ya dawa vijijini hupitia maduka ya dawa muhimu, mfumo ulioanzia mkoani Ruvuma mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kuenea nchi nzima, ambapo muuzaji amepata mafunzo na duka limesajiliwa. Mfumo huu umesaidia watu wengi walio mbali na hospitali. Lakini muuzaji hawezi kuona mimba ya miezi 2, wala haioni kabisa mnunuzi anapokuwa kaka au jirani aliyetumwa. Maneno yanayopaswa kutangulia jina la dawa ni machache: dawa ni ya mjamzito, mimba ni ya miezi mingapi, ana mzio wa nini, na anatumia dawa gani nyingine. Kadi ya kliniki ina majibu karibu yote. Muuzaji makini atauliza hata asipoambiwa, na atamwelekeza zahanati mwenye homa au usaha.

Dawa za matone hufyonzwa na mwili kidogo sana, kwa hiyo nyingi hazimfikii mtoto kwa kiwango cha kutia hofu. Siprofloksasini ya matone, tofauti na vidonge vyake, ndiyo inayopendekezwa kwa sikio la muda mrefu linalotoa usaha, baada ya kukaushwa. Klotrimazoli ya matone hutumika kwa fangasi. Tatizo ni matone yenye jentamaisini au neomaisini: ngoma ikiwa imetoboka, yanaweza kufika sikio la ndani na kuharibu usikivu wa mama mwenyewe. Chupa iliyobaki ya jirani haijui kama ngoma ni nzima.

Homa inahitaji uangalifu wa pekee katika ukanda huu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 uliuweka mkoa wa Tabora juu kabisa kwa maambukizi ya malaria kwa watoto walio chini ya miaka 5, asilimia 23, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 8. Kwa hiyo mjamzito mwenye homa na sikio linalouma hupimwa malaria siku hiyo hiyo. Mtu anaweza kuwa na yote mawili, na kumtibu sikio peke yake ni kuacha malaria imalize damu ya mama na kumdhoofisha mtoto. Kinyume chake pia hutokea: kwinini, dawa ya malaria, husababisha mlio masikioni na usikivu kupungua kwa muda. Mlio wa namna hiyo kwa mama aliye kwenye dozi huripotiwa kwa aliyeiandika, wala hautibiwi kwa matone.

Dalili zinazomtoa mjamzito nyumbani bila kusubiri tarehe ya kliniki ni uvimbe au maumivu nyuma ya sikio kwenye mfupa, sikio kusukumwa mbele, uso kupinda upande mmoja, kizunguzungu kikali, shingo kukakamaa, kuchanganyikiwa, au homa kali isiyoshuka. Maumivu makali ya kichwa yanayoambatana na kuona ukungu, kuvimba uso na mikono, au maumivu ya juu ya tumbo yasihesabiwe kuwa ya sikio. Hizo ni dalili za shinikizo la damu la mimba, na linaua. Mtoto kupunguza kucheza, damu au maji kutoka ukeni ni dharura vilevile.

Rufaa katika ukanda huu bado hufuata kwa sehemu kubwa mstari ule ule wa misafara, ambao baadaye ulifuatwa na reli ya kati. Kutoka Urambo, Kaliua au Sikonge njia huelekea Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kitete, Tabora mjini. Upande wa Igunga iko Hospitali ya Nkinga, iliyoanzishwa na misheni. Wa Uvinza na Ujiji huenda Hospitali ya Maweni, Kigoma. Wanaohitaji daktari bingwa wa masikio, pua na koo huweza kupelekwa Hospitali ya Bugando, Mwanza. Mkoa wa Tabora una eneo la zaidi ya kilomita za mraba 70,000, na mama wa kijiji cha pembeni anaweza kuwa na saa nyingi za bodaboda kabla ya kufika wilayani. Ndiyo maana sikio liangaliwe mapema, zahanatini, siku za kwanza, kabla halijahitaji safari. Mahudhurio ya kliniki, ambayo Shirika la Afya Duniani liliyapandisha mwaka 2016 kutoka 4 hadi 8, ni nafasi ya kulitaja hata kama muuguzi hajauliza.

Sikio linalotoa usaha kwa muda mrefu bila maumivu, lisilosikia antibiotiki, linaweza kuwa na kifua kikuu, na mama huyo hupimwa. Tiba ya kifua kikuu ina dawa zinazofaa wakati wa ujauzito. Upasuaji wa kuziba ngoma iliyotoboka si wa dharura, na kwa kawaida huahirishwa hadi baada ya kujifungua. Hadi hapo kazi ni kuliweka sikio kavu. Amoksisilini na parasetamoli zinaendelea kufaa kwa mama anayenyonyesha, kwa hiyo sikio likiuma baada ya kujifungua, mtoto haachishwi ziwa.